Gobore la fataki kaliba .50: risasi mbili za kwanza zinakaa vizuri, zinazofuata zinatawanyika

Mwanagenzi50

Habari wakuu. Naomba msaada juu ya gobore la fataki, kaliba .50. Mifereji ya mtutu inazunguka mara moja kwa kila inchi 48. Natumia risasi za duara za inchi .490, baruti nyeusi ya FFg (chembe za ukubwa wa kati) greni 90, kama gramu 6, na vitambaa vya kuifunga risasi vilivyokatwa kwenye shuka kuukuu na kupakwa grisi ya mashine. Shabaha iko mita 50. Nalenga nikiwa nimeketi mezani, mtutu umelala juu ya mfuko wa mchanga.

Risasi mbili za kwanza hukaa karibu karibu. Kuanzia ya tatu zinaanza kutawanyika, na kufikia ya sita kundi lina sentimita 25, zaidi kwa kimo kuliko kwa upana. Kushindilia nako kunazidi kuwa kugumu. Kilengeo cha nyuma nimeshakisogeza huku na huku, wapi. Nianzie wapi?

Fundi_Mdeki

Karibu mkuu. Kilengeo kiache kama kilivyo kwa sasa. Kazi yake ni kulihamisha kundi kutoka hapa kwenda pale, hakiwezi kulibana. Libane kwanza, kulihamisha ni kazi ndogo.

Dalili zako zote zinaelekea sehemu moja, nayo ni ukoko wa baruti. Baruti nyeusi haiishi yote ikawa hewa. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa vitu vigumu, yaani chumvichumvi za potasiamu pamoja na masizi. Sehemu yake hutoka na moshi, iliyobaki hugandia ndani ya mtutu, hasa kule chini inakokaa baruti. Risasi ya tatu inapita kwenye njia nyembamba kuliko ya kwanza. Shinikizo linabadilika, kasi nayo inabadilika, na kasi ikibadilika risasi inapiga juu au chini. Ndiyo maana kundi lako ni refu kuliko lilivyo pana.

Lakini kuna jambo zito kuliko shabaha. Mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, ukiwa mgumu kushuka, risasi inaweza kukwama kwenye ukoko kabla ya kuifikia baruti, nawe ukadhani imefika. Ikibaki nafasi ya hewa kati ya risasi na baruti, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Kwa hiyo weka alama mbili kwenye mdeki. Ya kwanza iwe usawa wa mdomo wa mtutu, mdeki ukiwa ndani ya mtutu mtupu. Ya pili iwe usawa huo huo, baruti ikiwa ndani na risasi imekaa barabara juu yake. Kabla ya kuweka fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia, tazama alama ya pili. Ikiwa imesimama juu ya mdomo, hata kwa milimita chache, usifyatue. Shindilia hadi ifike. Ukibadilisha kiasi cha baruti, alama ya pili nayo uihamishe. Alama ya kwanza nayo ina kazi yake: ukilichukua gobore kabatini, ndiyo inayokuambia kama kuna kitu ndani.

Baada ya kila mlio, subiri kama dakika moja, mdomo wa mtutu ukielekea shabaha. Usipulize ndani kwa mdomo wako. Chukua kitambaa cha kusafishia kilicholowa kidogo tu, ukikikamua kisitoe tone. Kishushe taratibu hadi chini, kitoe, kigeuze upande wa pili, rudia. Malizia na kikavu. Usikisugue juu na chini, maana utaukusanya ukoko wote kule chini na kuiziba njia ya moto, halafu fataki italia na gobore litanyamaza. Unyevu huo unazima pia cheche iliyobaki.

Kisha mimina baruti kutoka kwenye kipimo. Kamwe usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe au kopo. Cheche iliyojificha ikiwasha chaji moja, yaani baruti ya mlio mmoja, utaungua mkono, ikiwasha kopo zima mkononi mwako huenda usipone.

Kuhusu chaji, greni 90 ni nyingi kwa mtu anayejifunza kwenye mita 50. Mshtuko wake unakufundisha kuogopa, na ukoko unaongezeka. Anza na greni 50. Piga milio mitano kwenye karatasi moja, andika kiasi pembeni, badilisha karatasi, nenda 55, kisha 60, hivyo hivyo hadi 80, bila kuvuka kikomo alichoandika mtengenezaji wa bunduki. Mahali fulani kwenye ngazi hiyo kundi litabana, likipita hapo litafunguka tena. Chaji yako ni ile iliyobana, hata kama ni ndogo. Karatasi hazihitaji nguvu.

Kipimo cha baruti nyeusi ni cha ujazo, kwa hiyo namna ya kukijaza ni sehemu ya chaji. Mimina hadi ifurike, gonga pembeni mara zile zile kila siku, futa usawa wa mdomo. Ukigonga leo mara mbili na kesho mara kumi, unapima baruti mbili tofauti. Na hili hata kama umeshalisikia: baruti isiyo na moshi haiingii kwenye gobore, hata chembe, hata ya kuchanganya. Shinikizo lake linaweza kuupasua mtutu usoni pako.

Shabaha_Kati

Aliyosema Fundi ni sawa, ila mimi ningeanza na kitambaa, maana hapo ndipo mtego ulipo.

Risasi ya .490 ndani ya tundu la .500 inaacha pengo la inchi .005 kila upande, na bado kuna kina cha mifereji. Kitambaa ndicho kinachoziba pengo hilo, kinachong'ata mifereji na kuizungusha risasi. Kikiwa chembamba, moto unapenya pembeni, kitambaa kinaungua na risasi inatoka ikiyumba. Shuka kuukuu mara nyingi halifiki hata nusu ya unene unaohitajika. Tafuta kitambaa cha pamba tupu, kilichofumwa kwa kubana, chenye unene wa inchi .015 hadi .018, yaani kama milimita 0.38 hadi 0.46. Kifue kwanza wanga wa kiwandani utoke, kikaushe, ndipo upime unene kwa kalipa, kile kipimo cha taya. Chenye poliesta usikitumie kabisa, kinayeyuka na kugandia kwenye matuta, yaani miinuko iliyo kati ya mifereji.

Grisi ya mashine nayo iache. Mafuta ya jamii ya petroli yakikutana na moto wa baruti nyeusi hugeuka kitu kama lami, na lami hiyo haitoki kwa kitambaa chenye maji. Yeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya mnyama yasiyo na chumvi, au mafuta ya zeituni. Sehemu moja ya nta kwa mbili za mafuta ni mwanzo mzuri, ukiongeza nta kukiwa na joto kali. Paka, kisha kamua kitambaa kati ya vidole. Kinachochuruzika kinalowesha baruti, na chaji iliyolowa pembeni inatoa kasi ya kubahatisha.

Baada ya kupiga, pale msimamizi wa uwanja anaporuhusu kwenda mbele, viokote vitambaa vyako. Viko mita chache kutoka mezani. Kizuri kina duara la kijivu katikati, limefuka tu bila kutoboka. Kulizunguka kuna alama za matuta zilizobonyea kwa nafasi sawa, na pindo zimechanuka lakini nzima. Chenye tundu la kuungua katikati kinasema ni chembamba au kikavu mno. Kilichokatika kwa mistari pale matuta yanapopita kinasema kuna makali, ama kwenye mdomo wa mtutu ama kwenye matuta yenyewe. Kilichochanikachanika chote, kwanza shuku uozo wa kitambaa, halafu chaji kubwa. Leta majibu hapa.

Pembe_Nyeusi

Wakuu, kupangusa kila mlio si sheria. Kitambaa kikibana vizuri na kikawa na mafuta ya kutosha yenye maji, kila risasi inayoshuka inapangusa ukoko wa mlio uliopita. Wapo wanaomaliza mashindano mazima hivyo na makundi yao yanabana. Hali ya hewa ina sauti kubwa hapa: kukiwa na unyevu ukoko hubaki laini, kukiwa kukavu unakauka na kuwa kama kioo, na hapo hata mimi napangusa.

Jambo jingine ambalo halijaguswa ni risasi yenyewe. Iwe madini ya risasi laini, safi. Ukiikwaruza kwa ukucha iache alama. Vyuma vya kusawazishia magurudumu vina antimoni, vinatoa risasi ngumu isiyokubali kubonyea ndani ya kitambaa. Ukifua mwenyewe kwenye kalibu, zipime zote kwenye mizani. Ya .490 ina kama greni 177. Iliyopungua greni moja au zaidi kuliko wenzake ina tundu la hewa ndani, irudishe kwenye sufuria. Na kile kikovu kilichobaki pale madini yalipomiminiwa, kielekeze juu, katikati, kila mara. Kikiwa pembeni, uzito unaegemea upande mmoja na risasi inayumba ikizunguka. Na wakati wa kuyeyusha, tone la maji lisikaribie sufuria. Maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini ya moto.

Fundi_Mdeki

@Pembe_Nyeusi sikukatalii, lakini kwa mwanagenzi bado nasema apanguse. Bado hajui kitambaa chake kinafanya nini, na ukoko usiopimika unamzuia kujua lolote jingine. Akipangusa kila mlio, kila risasi inaukuta mtutu katika hali moja. Hapo akibadilisha kitambaa au chaji ataona tofauti imetoka wapi. Baadaye akitaka kuacha kupangusa, aache akiwa na kundi la kulinganisha. Muda nao si kisingizio. Mashindano ya MLAIC, chama cha kimataifa cha wapiga shabaha wa bunduki za kujazwa mdomoni, yanatoa dakika 30 kwa milio 13, na 10 bora ndiyo inayohesabiwa.

Toka hapo chukua kitu kimoja, mkuu: baruti iliyopimwa nyumbani, kila chaji ndani ya kichupa chake. Uwanjani unabaki kumimina tu. Mkono hautetemeki kwenye kipimo, upepo haupeperushi chembe, na kopo linabaki mbali na meza.

Nyuma_ya_Kitako

Ongezeni upande wa mlengaji. Mtutu usilale juu ya mfuko wa mchanga. Ukiwa na tabia hiyo, kundi la mezani litakaa juu kuliko utakavyopiga ukiwa umesimama, na mlio hautafanana na mlio. Mfuko uwe chini ya mbao ya mbele, pale pale mkono wako wa kushoto unapoishika, na sehemu ile ile kila mara. Ukisogeza sentimita tano umebadilisha namna bunduki inavyoruka.

Jicho lione kilengeo cha mbele kikiwa wazi kabisa, kile cha nyuma kififie kidogo, na shabaha ififie zaidi. Huwezi kuviona vyote vitatu kwa uwazi, usijaribu. Panga duara jeusi likae juu ya kilengeo cha mbele na uzi mwembamba wa weupe kati yake. Ukilenga katikati ya weusi, weusi unameza weusi na hujui umelenga wapi.

Halafu baki hapo. Gobore ni zito kuamka. Nyundo inashuka, fataki inawaka, moto unapita kwenye chuchu, kile kijibomba kinachovikwa fataki, hadi kwenye baruti, na baruti yenyewe inaisukuma risasi polepole kuliko bunduki za siku hizi. Muda wote huo bado unalenga. Mwenye kuinua kichwa kutazama tundu ameshaivuta bunduki kabla risasi haijatoka. Baada ya mlio, jiambie kilengeo cha mbele kilikuwa wapi moto ulipowaka. Ukishindwa kusema, ulifumba macho.

Dawa yake ni mazoezi bila baruti. Hakikisha mtutu ni mtupu kwa alama ya mdeki, weka kipande cha ngozi nene juu ya chuchu, lenga ukutani, fyatua. Bila ngozi nyundo inaitwanga chuchu na kuibapaza mdomo, kisha fataki haziingii vizuri.

Mwanagenzi50

Mrejesho wakuu. Nimeshuka hadi greni 60, napangusa kila mlio, mfuko uko chini ya mbao. Mdeki unashuka ule ule tangu mlio wa kwanza hadi wa mwisho. Shuka kuukuu lilikuwa na unene wa inchi .008 na vitambaa vyake vyote vilikuwa na tundu la kuungua. Nimehamia pamba ya .016 yenye nta na mafuta. Kundi sasa ni sentimita 8, la duara.

Vitambaa vipya haviungui, ila vingine vina mikato midogo pembezoni kwenye alama za matuta. Pia kundi zima liko sentimita 10 chini ya kituo na sentimita 5 kushoto. Je, sasa nisogeze vilengeo?

Shabaha_Kati

Hongera, hayo ni mabadiliko ya kweli. Tumalize mikato kwanza.

Gobore likiwa tupu, bila baruti wala fataki, weka kitambaa kikubwa na risasi mdomoni, isukume kwa kijiti kifupi sentimita mbili tu, kisha ivute nje kwa kushika pindo za kitambaa. Kama kimekatika, mdomo wa mtutu ndio unaokata. Hilo ni la kawaida kwenye mitutu mipya. Chukua kipande cha msasa laini, namba 320 kisha 400, kikiwa na tone la mafuta. Kiweke juu ya mdomo, kibonyeze kwa kidole gumba na uzungushe kidole, huku ukigeuza mtutu robo kila baada ya muda ili usile upande mmoja. Nyuzi zisizokamata tena kwenye ukingo ndiyo dalili ya kuacha. Usitumie drili. Ukingo ukipinda kidogo tu, gesi inatoka upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi. Pangusa vumbi lote la msasa kabla ya kupiga.

Kama kitambaa kimetoka kizima, makali yako ndani. Hayo huisha yenyewe kwa kupiga, matuta yanalainika. Usiyaguse.

Fundi_Mdeki

Kwenye vilengeo, kanuni ni hii: cha nyuma kinasogezwa kule unakotaka risasi iende, cha mbele kinasogezwa kinyume. Kundi liko kushoto, basi cha nyuma kigonge kwenda kulia. Kundi liko chini. Kama cha nyuma kinapanda kwa skrubu, kipandishe. Kama hakipandi, cha mbele kipunguzwe kwa tupa, nalo kundi litapanda.

Kiasi usikisie. Zidisha kosa kwa umbali kati ya vilengeo viwili, kisha gawa kwa umbali wa shabaha. Tuseme kati ya vilengeo kuna sentimita 75. Sentimita 10 mara 75 ni 750, ukigawa kwa 5,000, ambazo ni mita 50, unapata sentimita 0.15. Hiyo ni milimita moja na nusu kwa kimo. Kwa upande ni nusu yake, milimita 0.75. Pima kwa kalipa kabla na baada.

Tupa ni ya njia moja. Ondoa theluthi mbili tu ya hesabu, piga kundi jingine la milio mitano, ndipo uendelee. Na usitie tupa kabla ya kuamua chaji, kwa sababu ukipanda kutoka greni 60 hadi 70 kundi litahama tena lenyewe.

Chakmaki_Kavu

Samahani kwa kuingilia uzi. Haya yote yanahusu pia bunduki ya gumegume, ile inayowashwa kwa cheche za jiwe badala ya fataki? Yangu inachelewa, inasema "fuu" halafu ndipo "paa", na kundi linatawanyika kwa upana.

Nyuma_ya_Kitako

Mtutu, kitambaa na chaji ni vile vile, ndugu. Hiyo "fuu" inatoka kwenye kisahani, pale nje ya mtutu panapowekwa baruti ya kuwashia. Umekijaza mno na baruti imefunika tundu la moto, hivyo inabidi iungue chembe kwa chembe kama utambi kabla ya kufika ndani. Weka greni 2 au 3 tu za FFFFg (chembe ndogo kabisa), usawa wa chini ya tundu, tundu lenyewe liwe wazi. Unachotaka ni mwali uruke ndani. Pitisha sindano ya kuzibulia kwenye tundu baada ya kila upangusaji, maana maji ya kitambaa na ukoko hujificha hapo hapo. Tundu lenye kipenyo cha kama milimita 1.6 ndilo la kawaida. Dogo zaidi huchelewesha.

Kisha tazama gumegume. Ukingo wake wote uguse bati la chuma linalotoa cheche kwa pamoja, usitangulie pembe moja, na jiwe lishikwe ndani ya taya za nyundo kwa kipande cha ngozi ili lisicheze. Ukiwa butu, cheche zinakuwa nyekundu na chache. Ukiwa mkali zinakuwa nyeupe na zinaanguka katikati ya kisahani. Baruti mbadala kama Pyrodex usiitegemee kwenye kisahani, inahitaji joto kubwa kuliko cheche za gumegume.

Bunduki ikikataa kabisa kulia, iache imeelekea shabaha kwa dakika nzima kabla ya kuishusha. Moto wa kuchelewa hauna adabu.

Pembe_Nyeusi

Nyongeza kwa wote wawili, kwa sababu naona risasi ya kwanza ya siku huwa inawapotosha watu. Mafuta ya kuhifadhia mtutu yaliyobaki ndani huitupa risasi hiyo nje ya kundi. Kabla ya kujaza, pangusa hadi kitambaa kitoke kikavu. Wa fataki walipue moja au mbili juu ya chuchu, mtutu ukiwa mtupu na mdomo wake karibu na jani la nyasi. Jani likitikisika, njia ni safi. Lisipotikisika, kuna mafuta. Wa gumegume watumie sindano na kitambaa kikavu kwenye kisahani.

Na jioni, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo hadi kitambaa kitoke cheupe, kausha, ndipo upake mafuta. Chumvi za ukoko huvuta unyevu wa hewa, na mtutu ulioachwa hadi kesho unaweza kuanza kutu. Kutu ikishachimba vishimo, hakuna kitambaa kitakachopita hapo bila kuchanika.